Msongo wa mawazo na majira ya mwaka

Msongo wa mawazo ni hali ya mwili na akili kujiandaa kukabili jambo linaloonekana kuwa la hatari, gumu au lisilotabirika. Hali hiyo huanzia kwenye ubongo, lakini hugusa pia moyo, mapafu, tumbo, misuli, usingizi na kumbukumbu. Kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi msongo humsaidia mtu. Ukiwa mkali sana, au ukidumu kwa majuma na miezi, huleta madhara.

Msongo haumpati mtu kwa namna ileile mwaka mzima. Mwanga wa jua, joto, mvua, chakula kilichomo ghalani, ada za shule, mitihani na sikukuu hubadilika kufuatana na majira, na ubongo hulazimika kukabiliana na mabadiliko hayo yote. Makala hii inaeleza ubongo unavyofanya kazi wakati wa msongo, jinsi kila majira yanavyoweza kuuongeza, na hatua za kawaida zinazoweza kuupunguza.

Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu jambo hili imetoka katika nchi zenye majira ya baridi kali, ambako tatizo kuu ni upungufu wa mwanga. Katika Afrika Mashariki urefu wa mchana haubadiliki sana. Huku majira huleta msongo kwa njia nyingine: joto, mvua, njaa, maradhi na fedha. Kwa hiyo mtu anayetaka kutuliza msongo wake anahitaji kwanza kujua unatokana na nini katika kipindi alichomo.

Historia ya dhana

Mwanafiziolojia Walter Cannon (1871–1945) wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani alichunguza mabadiliko yanayotokea katika mwili wa mnyama anapoogopa au kukasirika. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1915 alieleza kwamba mwili hujiandaa ama kupigana ama kukimbia: moyo hupiga kwa kasi, damu huelekezwa kwenye misuli, na usagaji wa chakula hupungua.

Mwaka 1936 Hans Selye (1907–1982), mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, alichapisha makala fupi katika jarida la Nature. Alionyesha kwamba panya walipopatwa na madhara tofauti, kama vile baridi, majeraha, kazi nyingi ya misuli au sumu, miili yao ilibadilika kwa namna inayofanana. Tezi zilizo juu ya figo zilivimba na vidonda vilitokea tumboni. Kutokana na kazi hiyo dhana ya msongo iliingia katika lugha ya tiba.

Mwaka 1968 Bruce McEwen (1938–2020) wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York alionyesha kwamba homoni za msongo hurudi na kushika katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kwa hiyo ubongo hutoa amri ya msongo na wenyewe pia huguswa nao. Mwaka 1993 McEwen na Eliot Stellar walieleza jinsi mwili unavyochakaa unapolazimika kujirekebisha mara kwa mara bila kupata nafasi ya kupumzika.

Utafiti mmoja mashuhuri ulifanyika Kenya. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1970, Mmarekani Robert Sapolsky alifuatilia kwa miaka mingi makundi ya nyani katika eneo la Maasai Mara na kupima homoni katika damu yao. Katika kundi lenye utulivu, madume wa daraja la chini walikuwa kwa kawaida na homoni nyingi za msongo kuliko wakubwa wao. Katikati ya miaka ya 1980 kifua kikuu kiliwaua madume wakali wa kundi moja waliokuwa wakila takataka za hoteli ya watalii. Waliobaki walikuwa wapole zaidi. Katika makala ya mwaka 2004, Sapolsky na Lisa Share walieleza kwamba upole huo uliendelea hata baada ya madume wapya kuhamia kundini, na kwamba madume wa daraja la chini hawakuonyesha tena dalili zilezile za msongo. Utafiti huo ulionyesha kuwa msongo hutokana pia na jinsi wanajamii wanavyotendeana, mbali na tabia ya mmoja mmoja.

Ubongo wakati wa msongo

Sehemu tatu za ubongo zinahusika zaidi.

Amigdala ni kiungo kidogo chenye umbo la lozi, kimoja katika kila upande wa ubongo. Kazi yake mojawapo ni kutambua hatari haraka, hata kabla mtu hajafikiri.

Hipokampasi iko jirani na amigdala. Huhifadhi kumbukumbu mpya na kusaidia kutofautisha hatari ya kweli na jambo linalofanana nayo tu.

Sehemu ya mbele kabisa ya ubongo, nyuma ya paji la uso, hupanga, hupima faida na hasara, na huzuia mtu asitende kwa pupa. Kwa binadamu sehemu hii huendelea kukomaa hadi umri wa miaka ishirini na kitu. Ndiyo sababu mojawapo ya vijana wa sekondari kushindwa mara nyingine kujizuia wanapokasirika au kuogopa.

Amigdala ikitoa ishara ya hatari, mwili hupokea amri kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya neva nayo huchukua sekunde tu: tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, hutoa adrenalini, na mapigo ya moyo na pumzi huongezeka. Njia ya pili huchukua dakika kadhaa: hipothalamasi huiamrisha tezi ya pituitari, nayo huziamrisha tezi za adrenali kutoa kortisoli. Homoni hii huongeza sukari katika damu ili misuli na ubongo vipate nguvu. Ubongo huhitaji nguvu nyingi: una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika.

Kortisoli ikifika kiasi cha kutosha, ubongo huitambua na kusimamisha amri. Utaratibu huu unafanana na boya la tangi la maji, ambalo hufunga bomba tangi linapojaa. Msongo ukidumu muda mrefu, boya hilo huanza kulegea. Kortisoli hubaki juu wakati usiofaa, usingizi huharibika, shinikizo la damu huweza kupanda, na kinga ya mwili hudhoofika.

Msongo mkali hupunguza pia uwezo wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwanafunzi aliyeweza kukokotoa hesabu jana usiku huweza kukwama katika chumba cha mtihani, kisha akakumbuka jibu mara tu anapotoka nje. Jambo hilo halithibitishi uvivu, upungufu wa akili wala kurogwa. Ni kazi ya kawaida ya ubongo uliodhani kuwa uko hatarini.

Saa ya mwili na mwanga

Ndani ya hipothalamasi, juu ya mahali neva za macho zinapokutana, kuna kiini chenye seli za neva takriban 20,000. Kiini hicho ndicho saa kuu ya mwili. Saa nyingine ndogo zimo karibu katika kila seli. Wamarekani Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017 kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo.

Saa ya mwili hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni. Giza linapoingia, tezi ya pineali hutoa melatonini, homoni inayoujulisha mwili kuwa ni usiku. Kuelekea alfajiri kortisoli huanza kupanda, na hufika kileleni takriban nusu saa baada ya kuamka. Kupanda huko si kubaya, kwa sababu ndiko kunakomwezesha mtu kuanza siku. Kinachodhuru ni kortisoli kubaki juu hadi usiku.

Mwanga wa nje na wa ndani hutofautiana mno kuliko jicho linavyodhani. Kwa kipimo kiitwacho luksi, chumba chenye taa ya kawaida huwa na luksi 100 hadi 500. Nje, hata siku ya mawingu, huwa na luksi elfu kadhaa, na jua kali la mchana huweza kufika luksi 100,000.

Urefu wa mchana hutegemea umbali kutoka Ikweta. Nairobi mchana mrefu kuliko yote kwa mwaka huuzidi ule mfupi kwa dakika 10 hivi. Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki saa moja. London mchana mfupi kabisa wa Desemba hauzidi saa 8, ilhali ule wa Juni huzidi saa 16. Oslo mchana mfupi kabisa wa Desemba hauzidi saa 6.

Majira ya Afrika Mashariki

Majira hayafanani kila mahali. Pwani na sehemu za kaskazini ya Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Kenya, hupata mvua mara mbili kwa mwaka, yaani masika na vuli. Tanzania ya kati na ya kusini hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Maelezo yafuatayo hufuata zaidi mpangilio wa pwani.

Kiangazi

Desemba hadi Machi, wakati wa upepo wa kaskazi, joto na unyevu huongezeka pwani. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili hushuka kidogo wakati wa usiku. Chumba chenye joto na kisichopitisha hewa huzuia kushuka huko, na mtu huamka mara nyingi. Baada ya usiku wa namna hiyo amigdala huwa nyepesi kuchokozwa, na neno dogo huleta ugomvi.

Kipindi hichohicho huangukia Januari, mwezi wa ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba baada ya matumizi ya sikukuu. Kwa wakulima wengi wanaotegemea msimu mmoja wa mvua, Januari hadi Machi ni miezi ya kulima na kupalilia huku chakula cha mwaka uliopita kikielekea kwisha.

Masika

Machi hadi Mei mvua huwa kubwa. Barabara hukatika, biashara za kando ya barabara hulala, na mbu huongezeka pamoja na malaria. Katika maeneo ya mabondeni, kama Jangwani jijini Dar es Salaam, kila wingu zito huweza kuwa ishara ya mafuriko. Mtu aliyewahi kuingiliwa na maji nyumbani huweza kushtuka usiku kwa sauti ya mvua tu, kwa kuwa hipokampasi na amigdala zimeunganisha sauti hiyo na hatari.

Mvua ikikosekana, msongo huwa mkubwa pia. Mwaka 2013 watafiti Matthieu Chemin, Joost de Laat na Johannes Haushofer walieleza kwamba wakulima maskini nchini Kenya walikuwa na kortisoli nyingi zaidi mateni baada ya mvua kuwa chache. Athari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliotegemea kilimo peke yake.

Kipupwe

Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, hewa hupoa. Katika nyanda za juu kama Njombe, Makete na Limuru baridi huwa kali, na Nairobi hupata siku nyingi za mawingu. Watu hukaa ndani, hawatembei sana, na huamka wakiwa wazito. Kwa wengine kipindi hiki ni cha nafuu, kwa sababu mavuno yameingia. Hata hivyo mavuno nayo huleta msongo wa kuamua: kuuza mapema ili kulipa deni, au kuhifadhi na kusubiri bei nzuri.

Vuli

Oktoba hadi Desemba huja mvua ndogo, na huja pia mitihani. Nchini Tanzania wanafunzi wa kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa mwezi Novemba, na Kenya mitihani ya taifa ya sekondari hufanyika karibu na wakati huohuo. Baada yake hufuata safari za Krismasi na mwaka mpya. Kwa Wachaga, kwa mfano, kurudi Kilimanjaro mwezi Desemba ni furaha kubwa, lakini nauli na zawadi huwaumiza kichwa wengi.

Ramadhani haifungamani na majira, kwa sababu kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11 katika kalenda ya jua. Mwezi huo hubadilisha saa za kula na kulala. Wanaokunywa kahawa au chai nyingi husaidika wakipunguza kidogokidogo siku kadhaa kabla, kwa kuwa kuacha kafeini ghafla huleta maumivu ya kichwa. Usingizi mfupi wa mchana hufidia sehemu ya usingizi uliokatwa na daku.

Akili kabla na baada ya mavuno

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani na wenzake uliofanyika katika jimbo la Tamil Nadu nchini Uhindi. Wakulima 464 wa miwa walipewa majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, walipokuwa na uhaba wa fedha, na tena baada ya mavuno. Wakulima walewale walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Watafiti wengine walihoji namna matokeo yalivyochambuliwa, na mjadala haujafungwa. Wazo lake kuu ni kwamba akili inayohesabu usiku kucha jinsi ya kupata unga wa kesho hubakiwa na nafasi ndogo ya kufikiri mambo mengine. Walimu hukutana na jambo hilo darasani pale mwanafunzi asiyekula asubuhi anapoitwa mzito wa kuelewa.

Waswahili wa mbali na Ikweta

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya, Kanada na Marekani hukutana na msongo wa aina nyingine. Norman Rosenthal, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, aliona nguvu zake zikipungua kila majira ya baridi baada ya kuhamia Marekani. Mwaka 1984 yeye na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya nchi hiyo walieleza ugonjwa wa sonona ya majira. Dalili zake ni huzuni ya muda mrefu, kulala kupita kiasi, hamu kubwa ya vyakula vya wanga, kuongezeka uzito na kujitenga na watu. Dalili hizo huja majira ya baridi na kupungua majira ya kuchipua.

Tiba mojawapo ni kukaa mbele ya taa maalumu yenye mwanga wa luksi 10,000 kwa takriban dakika 30 asubuhi. Mwenye ugonjwa wa macho, au ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha hisia, anapaswa kumwona daktari kabla ya kuitumia. Nchini Uingereza watu wenye ngozi nyeusi hushauriwa pia kufikiria kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima, lakini ushauri huo hulenga hasa afya ya mifupa na misuli.

Omani na nchi nyingine za Ghuba, ambako Kiswahili kina wasemaji wengi, hali ni kinyume. Majira magumu ni ya joto. Omani hukataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, Juni hadi Agosti. Watu hukaa ndani kwenye viyoyozi mchana na kuishi usiku, na saa ya mwili huvurugika. Huko mwanga wa asubuhi mapema, kabla joto halijapanda, ndio unaofaa kutafutwa.

Njia za kutuliza msongo

Mwanga wa asubuhi

Kutoka nje dakika 15 hadi 30 mapema asubuhi huiwekea saa ya mwili mwanzo wa siku. Wakati wa kipupwe chenye mawingu muda huo unaweza kuongezwa. Si lazima kulitazama jua, na ni hatari kufanya hivyo. Kufagia uwanja, kuteka maji au kutembea kwenda kituo cha basi kunatosha. Usiku ni kinyume chake: taa kali na simu karibu na macho huchelewesha melatonini.

Usingizi

Watu wazima wengi huhitaji saa 7 au zaidi za usingizi, na vijana wa umri wa sekondari saa 8 hadi 10. Kumbukumbu huimarishwa wakati wa usingizi, kwa hiyo mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani hupoteza sehemu ya alichosoma. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini. Anayekunywa kahawa chungu barazani saa 2 usiku bado ana karibu nusu ya kafeini hiyo saa 7 usiku. Mirungi nayo huzuia usingizi, na pombe humlaza mtu haraka lakini hukatakata usingizi wake. Wakati wa joto, kuoga kabla ya kulala, kufungua madirisha yenye wavu na kutumia chandarua husaidia mwili kupoa bila kukaribisha mbu.

Pumzi

Mtu hawezi kuuamuru moyo wake upunguze kasi, lakini anaweza kupunguza kasi ya pumzi, nao moyo hufuata. Kutoa pumzi polepole huongeza kazi ya neva ya vagasi, ambayo hushuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni na huutuliza mwili. Njia rahisi ni kuvuta pumzi kwa pua kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, kwa dakika tano. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha njia kadhaa za kupumua na ukaona kwamba ile yenye kutoa pumzi kwa muda mrefu iliboresha hisia zaidi. Njia hii hutumika vizuri kabla ya kufungua karatasi ya mtihani.

Mwendo

Msongo huuandaa mwili kutumia misuli. Anayekaa kitini huku mwili umejiandaa kukimbia hubaki na nguvu isiyo na kazi. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, na watoto na vijana dakika 60 kwa siku. Kulima, kutembea haraka, kucheza ngoma na kuendesha baiskeli vyote huhesabiwa. Wakati wa masika, watu wanaokwama ndani wanaweza kucheza muziki au kupanda ngazi.

Kuitaja hisia

Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba mtu anapoipa hisia jina, kazi ya amigdala hupungua na ile ya sehemu ya mbele ya ubongo huongezeka. Kiswahili kina maneno mengi ya hisia: hofu, wasiwasi, hasira, huzuni, aibu, upweke, kinyongo, majuto. Kusema "nina mawazo" ni mwanzo tu. Kusema "ninaogopa kwamba ada haitatimia" huuonyesha ubongo jambo linaloweza kushughulikiwa.

Watu

Mtu anayesikilizwa hupungukiwa na msongo. Nchini Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa benchi la urafiki. Akina bibi waliofundishwa hukaa na wenye matatizo kwenye benchi nje ya kituo cha afya, huwasikiliza, kisha huwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliosaidiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika pia Zanzibar. Baraza, kwaya, jumuiya ndogondogo, darsa na vikundi vya akina mama vinaweza kufanya kazi kama hiyo, iwapo watu husikilizana bila kuhukumiana na siri hazitoki nje.

Kupanga mwaka

Ubongo husumbuliwa zaidi na jambo lisilotabirika. Lakini mengi yaletwayo na majira hutabirika: Januari itakuja, masika yatakuja, mtihani una tarehe. Kuandika kalenda ya mwaka wa familia na kuweka alama kwenye miezi migumu huondoa sehemu ya mshtuko. Anayetenga gunia au fedha za ada wakati wa mavuno ya kipupwe, au anayeweka akiba katika VIKOBA au chama, hupunguza msongo wa Januari miezi sita kabla haujafika. Mwanafunzi anayeanza kurudia masomo mwezi Julai kwa saa moja kila siku hufanya jambo hilohilo.

Mipaka ya njia hizi

Njia hizi huutuliza mwili, haziondoi chanzo. Pumzi ndefu haijazi ghala, na matembezi ya asubuhi hayalipi deni. Faida yake ni kuirudishia sehemu ya mbele ya ubongo uwezo wake, ili mtu aweze kufikiri, kuomba msaada na kuchagua hatua inayofuata. Ni makosa kumwambia mtu mwenye njaa, anayepigwa nyumbani au anayenyanyaswa kazini kwamba shida yake ni kutopumua vizuri. Nyani wa Maasai Mara walipata nafuu pale kundi lao lilipobadilika.

Wakati wa kutafuta tiba

Msongo wa majira kwa kawaida hupungua kipindi kigumu kinapopita. Mtu anapaswa kwenda kituo cha afya iwapo huzuni, hofu au kukosa usingizi vimedumu zaidi ya majuma mawili na vinamzuia kufanya kazi, kusoma au kula. Iwapo anategemea pombe au dawa ili apitishe siku. Au iwapo dalili zinarudi kila mwaka wakati uleule. Maumivu ya kifua na kushindwa kupumua havipaswi kudhaniwa kuwa ni msongo kabla ya kupimwa.

Anayefikiria kujiua, au anayesema afadhali asingekuwapo, anahitaji msaada siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Kumwuliza waziwazi kama ana mawazo ya kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kusema. Huduma za afya ya akili hupatikana katika hospitali nyingi za mikoa na rufaa, na pia katika hospitali maalumu kama Mirembe mjini Dodoma, Mathari mjini Nairobi na Butabika mjini Kampala. Sonona na magonjwa ya wasiwasi hutibika kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Kwenda hospitali si dalili ya upungufu wa imani, na aliyeandikiwa dawa hapaswi kuziacha bila kuongea na daktari, hata majira mazuri yakirudi.